Ubishi wa Mac, Windows na Linux: Faili la Mchoro ni la Nani?

Kwenye maabara yetu kuna ubishi ambao hauishi. Mmoja wetu ana Mac aliyonunuliwa na kaka yake, na anaamini kabisa kwamba mchoro mzuri hautoki kwenye mashine nyingine. Wa pili anatumia Windows, na kwenye folda yake kuna kila programu ya kuchora unayoijua, zote za kukraki. Wa tatu ni mtu wa Linux, na watu wa Linux mnawajua: hujamuuliza kitu, tayari ameshaanza kukueleza kwa nini umepotea. Mimi nilikuwa nasikiliza tu na kucheka, mpaka tasnifu yangu ya uzamili iliponiingiza kwenye ubishi huo kwa lazima.

Nilichora mkato wa pwani: mikoko upande wa nchi kavu, kisha nyasi bahari, kisha matumbawe. Nilitumia programu ya kulipia ikiwa bado kwenye kipindi cha majaribio. Nikamaliza, nikahifadhi mchoro kama JPEG, nikaubandika kwenye Word, maisha yakaendelea. Miezi mitatu baadaye msimamizi wangu akazungushia duara jekundu kwenye ukurasa ule. Nilikuwa nimebadilisha majina mawili: Thalassia hemprichii nimeipeleka kwenye maji yenye kina, na Thalassodendron ciliatum nimeiacha kwenye eneo linalobaki wazi maji yakipwa. Kwa eneo nililofanyia utafiti ilikuwa kinyume chake kabisa. Kwa msomaji wa sayansi ya bahari hilo si kosa dogo la kuandika, ni matokeo ya utafiti yaliyogeuzwa juu chini.

Kurekebisha majina mawili ni kazi ya sekunde ishirini. Mimi ilinichukua siku nne. Kipindi cha majaribio kilikuwa kimekwisha, faili la mwanzo halifunguki, na ile JPEG ilikuwa picha tu. Maandishi yake hayakuwa maandishi tena, yalikuwa madoa ya rangi yenye umbo la herufi.

Sasa basi, tuuchambue ubishi huu, kila upande upewe haki yake.

Mtu wa Mac ana historia upande wake, tusimnyang'anye. Macintosh ya mwaka 1984 ilikuja na MacPaint, kazi ya Bill Atkinson, mtu yule yule aliyeandika QuickDraw, ile sehemu ya mfumo inayochora kila unachokiona kwenye skrini. Skrini yenyewe ilikuwa na pikseli 512 kwa 342, nyeusi au nyeupe, hakuna kijivu. Adobe Illustrator ilianzia kwenye Mac mwaka 1987. Photoshop nayo, 1990, Mac kwanza. Kwa hiyo yule mchoraji wa zamani aliyesema "bila Mac hakuna kazi" hakuwa anaringa, alikuwa anaeleza hali halisi. Tatizo ni kwamba mwenzangu wa maabara anaurudia ushahidi wa wakati ule kana kwamba ni wa leo. CorelDRAW ilitoka 1989 kwa ajili ya Windows, na Adobe nao hawakuchelewa sana kuleta programu zao huko. Leo Illustrator ya Mac na ya Windows ni ile ile. Unaweza kupenda skrini ya Mac, na kweli ni nzuri, lakini huo ni ubishi wa skrini.

Upande wa Linux historia yake ni tamu zaidi, hasa kwetu wanafunzi. Mwaka 1995 wanafunzi wawili wa Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, walianza kuandika programu ya kuhariri picha iitwayo GIMP. Walihitaji vitufe, menyu na madirisha, na vifaa vilivyokuwepo havikuwaridhisha, wakaamua kutengeneza vyao. Vifaa hivyo wakaviita GTK. Mwaka 1997 mradi wa GNOME ukaanza kujengwa juu ya GTK, na GNOME ndiyo sura ambayo watumiaji wengi wa Linux wanaiona wakiwasha kompyuta zao mpaka leo. Yaani huko mambo yalikwenda kinyume: programu ya kuchora ndiyo iliyozaa sura ya mfumo.

Lakini hapo hapo ndipo mtu wa Linux anapokosea. Ukimwambia unahitaji kitu badala ya Illustrator, anakujibu haraka: "Tumia GIMP." Hapana, jamani! GIMP ni ya picha za pikseli, ile ndugu ya Photoshop. Mchoro wa kisayansi wenye mistari, mishale na majina unataka vekta, na vekta ni kazi ya Inkscape. Hizi ni kazi mbili tofauti, na nusu ya kelele za maabara yetu zinatoka kwenye kuzichanganya.

Tofauti yake ni hii. Picha ya pikseli ni orodha ya vijiraba vya rangi. Mchoro wa upana wa sentimita 15 ukiuprinti kwa nukta 300 kwa inchi unahitaji pikseli kama 1,772 kwa upana. Ukiuhifadhi kwa nukta 72 unabaki na kama 425, na hapo ndipo mishale inapotoka kama ngazi. JPEG inaongeza balaa lake: inaikata picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8, kisha inapunguza mabadiliko madogo ya ghafla ambayo jicho haliyakosi sana kwenye picha ya mawingu au uso wa mtu. Kingo za herufi ni mabadiliko ya ghafla matupu. Ndiyo maana maandishi kwenye JPEG yanazungukwa na ukungu.

Vekta haihifadhi vijiraba, inahifadhi maelekezo: anzia hapa, pinda hivi, ishia pale. Na maelekezo ya kupinda hayakuzaliwa Apple, Microsoft wala kwa watu wa Linux. Yalizaliwa kwenye viwanda vya magari vya Ufaransa. Paul de Casteljau aliyagundua akiwa Citroën mwaka 1959, kampuni ikayafanya siri. Pierre Bézier wa Renault aliyafikia kwa njia yake, akayatangaza katika miaka ya 1960, ndiyo maana mikunjo hiyo inaitwa kwa jina lake na si la mwenzake.

Chukua penseli ujaribu, hauhitaji kompyuta yoyote. Weka nukta nne kwenye karatasi. Mkunjo utaanzia ya kwanza na kuishia ya nne, mbili za katikati kazi yake ni kuuvuta. Ziunganishe kwa mistari mitatu iliyonyooka, moja hadi nne kwa mfuatano. Weka alama katikati ya kila mstari, unapata nukta tatu. Unganisha hizo kwa mistari miwili, weka alama katikati tena, unapata mbili. Unganisha hizo mbili, weka alama katikati. Nukta hiyo moja iliyobaki iko juu ya mkunjo wenyewe. Ukitaka nukta nyingine za mkunjo, badala ya nusu tumia robo, theluthi, sehemu yoyote. Hiyo ndiyo hesabu ya de Casteljau, na ndiyo iliyoko nyuma ya kile chombo cha kalamu kwenye Illustrator, CorelDRAW na Inkscape. Mkunjo wa jani la Thalassia ni nukta nne zile zile kwenye mashine zote tatu.

Kama hesabu ni moja, basi swali la maana linahama. Sio mashine gani inachora vizuri. Swali ni nani ameshika ufunguo wa zile nukta baada ya wewe kumaliza kuchora.

Hapa nina ugomvi na Adobe. Illustrator ni programu nzuri kuliko Inkscape, nasema wazi, na anayebisha hajachora mchoro mkubwa. Inabeba vitu vingi bila kuchoka, na rangi za wino inazijua. Lakini tangu 2013 matoleo mapya hayauzwi tena, yanakodishwa. Mwanafunzi akimaliza chuo, akakosa kazi miezi sita, akasitisha malipo, michoro ya tasnifu yake ipo kwenye diski yake lakini mlango umefungwa. Unaweza kulifungua faili hilo kwenye Inkscape ikiwa lilihifadhiwa likiwa na PDF ndani yake, lakini sentensi mara nyingi zinakuja zimekatwakatwa vipande. Hata kulipa sio kinga. Waulize waliokuwa wanatumia FreeHand: Adobe waliinunua kampuni ya Macromedia mwaka 2005, na kufikia 2007 wakatangaza kwamba FreeHand haiendelezwi tena. Waliolipa kihalali wakabaki na mafaili yatima.

Za kukraki ndiyo kabisa. Zinawafundisha wanafunzi kutegemea kitu ambacho hawawezi kukitaja kwenye sehemu ya mbinu za utafiti, na virusi vyake vinazunguka kwenye flashi za idara nzima. Walimu wanaliona, wananyamaza.

Inkscape nayo tuiseme. Imetoka kwenye mradi wa Sodipodi mwaka 2003, ni bure, ipo kwenye mifumo yote mitatu. Ila kwenye Mac, kabla ya toleo la 1.0 la mwaka 2020, ilitaka XQuartz kwanza, na ilikuwa kama mgeni asiyejua desturi za nyumba. Mtu wa Mac aliyeijaribu wakati ule akaikimbia, simlaumu. Ukiipa grafu yenye nukta makumi elfu, nenda kanywe chai. Na kwa miaka mingi imefanya kazi na rangi za skrini tu. Ukitaka PDF yenye rangi nne za wino kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji, unapitia Scribus. Mtu wa Linux hakuambii haya mpaka umeshakwama.

Kilichonishinda kuipinga ni faili lake. SVG ni kanuni ya wazi ya W3C tangu 2001, na ndani yake ni maandishi matupu. Nililifungua kwa Notepad, nikatafuta neno "Thalassia", nikaliona limekaa hapo kwa herufi zake. Ningeweza kubadilisha majina yangu mawili bila programu yoyote ya kuchora! Tahadhari kwa wanaotumia Python: matplotlib ikihifadhi SVG inageuza herufi kuwa mikunjo kwa kawaida yake. Weka svg.fonttype iwe 'none' kwanza, majina yabaki kuwa majina.

Basi nikauchora upya mkato wangu wa pwani kwenye Inkscape, siku nne, nukta kwa nukta, nikifuatisha ile JPEG kwa chini. Juzi mdogo wetu wa maabara aliuhitaji kwa utafiti wake wa mikoko, nikamtumia SVG kwa WhatsApp. Akaufungua kwenye Windows yake, akanipigia analalamika kwamba majina yametoka nje ya visanduku. Hakuwa na fonti niliyotumia, na SVG yangu haikuibeba ndani. Nikamtumia na fonti. Baada ya dakika tano akaniuliza kama anaruhusiwa kuongeza kaa kwenye mizizi ya mikoko.