Ufundi wa Kuchagua Maji

Kuna samaki mdogo anayeitwa kwa jina la kijiji cha Ikola. Hazidi urefu wa kiganja cha mtu mzima, na mwili wake mweusi umezungukwa na mkanda mpana wa manjano. Wafugaji wa samaki wa mapambo walioko Ulaya na Marekani wanamfahamu vizuri, na wanapomtaja hutamka Ikola bila kujua kwamba ni kijiji cha wavuvi katika Mkoa wa Katavi, kaskazini kidogo ya Karema. Hapa Mpanda, makao makuu ya mkoa huo huo, waliowahi kumwona akiogelea kwao ni wachache. Na si kwamba amejificha. Huishi kwenye miamba, mita chache tu chini ya uso wa Ziwa Tanganyika, akikwangua mwani pale mwanga wa jua unapofika. Mwenye miwani ya kuzamia na subira anaweza kumtazama nusu saa nzima bila kubeba mtungi wa hewa.

Namtanguliza samaki huyu kwa kuwa anaipinga imani iliyoenea sana, kwamba ubora wa mzamiaji hupimwa kwa kina alichokifikia. Ufundi ninaotaka kuusifu hapa ni wa kuchagua maji. Mwenye ufundi huo humtazama mtu, akayatazama maji ya siku ile, kisha akaamua kama yanafaana. Ni ufundi usio na kishindo. Ukifanyika vizuri hakuna kinachotokea ila watu kurudi wakiwa wazima, wenye furaha na hamu ya kurudi tena. Kwa sababu hiyo haupewi sifa zake, na mimi nadhani ndio unaobeba fani yote.

Vyuo vya uzamiaji vimeweka ngazi zake. Anayeanza hupewa ruhusa ya kufika mita 18, akiendelea na masomo hufika 30, na mpaka wa wazamiaji wa burudani ni mita 40. Ngazi hizo zina maana, lakini cheti hueleza tu kile mtu alichoweza siku alipotahiniwa. Hakielezi kwamba jana hakulala, wala kwamba ana mafua yatakayomzuia kusawazisha masikio, wala kwamba amekaa miaka mitatu bila kugusa maji. Kiongozi mzuri wa wazamiaji huyasoma hayo nchi kavu. Humwangalia mgeni anavyofunga mikanda yake, anavyopumua anapoelezwa mpango, anavyouliza maswali au anavyoona haya kuuliza. Kabla mtu hajalowa, kiongozi ameshajua ampeleke wapi.

Tena maji mafupi si lazima yawe mepesi. Kila mita 10 za maji huongeza shinikizo sawa na uzito wa hewa yote iliyo juu yetu tukiwa usawa wa bahari. Maana yake, katika mita 10 za kwanza shinikizo linakuwa maradufu, na hakuna hatua nyingine ya safari ya kushuka yenye badiliko kubwa kiasi hicho. Mwanagenzi akishikwa na hofu akiwa mita 10, akazuia pumzi na kukimbilia juu, hewa iliyomo mapafuni itataka nafasi mara mbili ya ile iliyokuwa nayo, na mapafu yanaweza kupasuka. Ndiyo maana amri ya kwanza ya fani hii ni kutozuia pumzi kamwe. Ndiyo maana pia fundi humchagulia anayeanza mahali penye mteremko wa taratibu, mchanga mweupe wa kupigia magoti, maji maangavu na mkondo hafifu.

Kwa mtu wa Mpanda anayetaka kujifunza, mahali pa namna hiyo pako pwani, na pwani yenyewe ni darasa zuri la kuchagua. Miamba ya matumbawe inayozunguka kisiwa cha Mnemba, kaskazini mashariki ya Unguja, ina sehemu zilizokingwa ambako mwanafunzi anaweza kujizoeza kuelea bila kuzama wala kupanda. Karibu na Mji Mkongwe kuna mabaki ya meli mbili yanayofundisha jambo hili kuliko kitabu. Great Northern, iliyokuwa ikitandaza nyaya za simu baharini, ilizama mwaka 1902 na imelala kwenye kina cha mita 12 hivi, hata mwanafunzi anaweza kuizunguka. Manowari ya Waingereza, HMS Pegasus, iliyozamishwa na Königsberg ya Wajerumani tarehe 20 Septemba 1914, iko kwenye takriban mita 40. Huko hewa ya mtungi huisha haraka, akili huanza kulewa naitrojeni, na dakika za kukaa chini ni za kuhesabu. Zote mbili ziko karibu na mji mmoja, wala hakuna aliye bora kwa kuzuru hii badala ya ile. Kila moja ina mtu wake.

Kisha kuna suala la siku na saa, na hapo ndipo watu wa pwani walipo na elimu ya karne nyingi. Ghuba ya Chole, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995, ni tulivu kwa sehemu kubwa. Lakini kwenye mlango wa Kinasi, maji mengi ya ghuba hupita yakijaa na kupwa. Wakati wa bamvua mkondo wake humchukua mzamiaji atake asitake, ilhali siku za maji mafu, kwa saa iliyochaguliwa vizuri, mtu mwenye uzoefu wa wastani huufurahia mwamba ule ule. Nje ya ghuba, upande wa bahari kuu, huzamiwa zaidi kati ya Oktoba na Februari, kwa kuwa kusi likivuma mawimbi hufunga njia. Pemba nako, magharibi ya kisiwa, Misali huwapokea watu wa ngazi nyingi, wakati kuta zinazoshuka kuelekea mkondo wa Pemba, wenye kina cha mamia ya mita, ni za waliokwisha kuzoea mikondo na kujitawala bila kuona chini. Kwa hiyo jina la mahali peke yake halitoshi. Fundi hutaja mahali, mwezi, mwandamo na saa, na vyote hivyo kwake ni anwani moja.

Sasa turudi magharibi. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na umri wake huhesabiwa kwa mamilioni ya miaka. Mtu akisikia hivyo huwaza shimo lenye hazina chini kabisa. Ukweli ni kinyume chake. Kutegemea sehemu, kuanzia mita 100 hadi 200 hivi kwenda chini maji hayana oksijeni, na samaki hawawezi kuishi humo. Karibu uhai wote umebanwa katika tabaka la juu, na utajiri mkubwa zaidi uko kwenye miamba ya kandokando. Zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya sikilidi wanapatikana humo, na karibu wote hawako kwingine duniani.

Kinachonivutia ni jinsi samaki hao walivyojipanga kwenye mteremko, kana kwamba waliwekwa kwa ajili ya ngazi za wazamiaji. Kwenye mita za kwanza yuko yule wa Ikola na ndugu zake wala mwani. Majike wao hubeba mayai na vifaranga mdomoni kwa wiki kadhaa, na mwanagenzi aliyetulia anaweza kumtambua mama huyo kwa taya lililovimba. Mbele kidogo, miamba inapokatika na mchanga kuanza, kuna mashamba ya makombe matupu ya konokono, na ndani yake wanaishi samaki wa sentimita chache tu ambao nyumba zao ni makombe hayo. Hapo si pa mwanagenzi, ingawa kina ni kidogo. Pezi moja likigusa chini, vumbi huinuka na kufunika mtaa mzima. Ni mahali pa mtu aliyekwisha kujifunza kuelea kwa pumzi, akivuta kidogo apande, akitoa kidogo ashuke. Zaidi ya mita 20, miamba inapoanza kuwa na giza, wako samaki wakubwa wenye nundu kwenye paji la uso na mistari mipana mwilini, wakielea polepole. Hao ni wa kutembelewa na mzoefu, na kwa muda mfupi.

Muda mfupi, kwa sababu ziwa hili lina siri ambayo pwani haina. Uso wake uko takriban mita 773 juu ya usawa wa bahari, na hewa iliyo juu yake ni nyepesi kuliko ya Mafia. Mwaka 1908 mwanasayansi J. S. Haldane na wenzake walitoa majedwali ya kupanda kwa vituo, baada ya kuwafanyia mbuzi majaribio kwa ajili ya jeshi la majini la Uingereza. Walionyesha kwamba naitrojeni iliyoyeyuka mwilini hutoka salama ikiwa shinikizo halipungui ghafla kupita kiasi. Likipungua ghafla, gesi hiyo hufanya mapovu kwenye damu na viungo. Mzamiaji wa ziwani hutokea kwenye hewa nyepesi, hivyo mita 18 za Ikola, kwa hesabu ya majedwali, zinakaribia 20 za baharini. Tena maji baridi ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hiyo aliyezoea bahari inambidi apunguze vipande vya risasi kiunoni, la sivyo atazama upesi kuliko alivyokusudia.

Na bado kuna barabara. Kutoka Karema hadi Mpanda ni mwendo wa zaidi ya kilomita 100, na barabara inapanda kutoka bonde la ziwa hadi mji ulio zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Kwa abiria wa kawaida hilo si kitu. Kwa aliyetoka majini saa moja iliyopita ni kupanda kwa mara ya pili, na mwili wake haujui tofauti kati ya gari na kamba ya nanga. Fundi wa maji ya Katavi lazima aingize safari ya kurudi katika hesabu ya kuzamia: leo tulale Karema, kesho ndiyo tupande. Chumba cha shinikizo cha kutibu mapovu hakiko jirani, na umbali huo pekee unatosha kulifanya ziwa letu, pamoja na utulivu wake wa asubuhi, kuwa la watu wanaokubali kubaki ndani ya mipaka.

Kuchagua ni kukataa pia, na Katavi ina maji mengi ya kukataa. Katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, mto Katuma unapokauka wakati wa kiangazi, viboko hujazana kwa mamia kwenye madimbwi yaliyobaki, na mamba hulala kwenye mapango ya kingo. Maji hayo ni ya kutazamwa kutoka juu. Hata ziwani, midomo ya mito ina tope na mamba, na vichaka vya matete vina konokono wa kichocho. Kwenye miamba kuna swila wa majini, mwenye sumu kali na tabia ya upole, ambaye jina lake la kisayansi linamkumbuka Émile Storms, Mbelgiji aliyeongoza kituo cha Karema katika miaka ya 1880. Wazamiaji wanaokutana naye humpisha, naye huendelea na uwindaji wake wa samaki.

Karema yenyewe ni shahidi kwamba maji hayabaki jinsi yalivyoelezwa. Wabelgiji walipojenga kituo mwaka 1879, ziwa lilikuwa karibu. Katika miaka iliyofuata maji yalitoka kwa wingi kupitia mto Lukuga upande wa Kongo, na ufukwe ukahama mbali na kituo hicho. Katika miaka yetu hii ziwa limepanda tena na kufunika fukwe nyingi. Mwamba uliokuwa mita mbili leo unaweza kuwa mita nne, na mtaa wa samaki ukahama nao. Anayetegemea ramani ya zamani amechelewa. Lazima amuulize mvuvi aliyepita hapo usiku wa jana.

Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Katika mambo mengi nawaunga mkono, lakini mzamiaji mkomavu ana haki ambayo methali haikumpa: anaweza kuvaa kila kitu, akasimama ukingoni, akaona upepo umegeuka au mwenzake amenyamaza kupita kawaida yake, akavua vyote na kurudi. Uamuzi huo una gharama. Mgeni amelipa, amesafiri siku mbili, na kamera yake iko tayari. Kumwambia “leo hapana” kunahitaji ujasiri kuliko kushuka mita 40.

Mkoa wetu ulioanzishwa mwaka 2012 sasa una bandari mpya Karema. Wageni wa miamba ya Ikola watakuja, na watakuja na mitungi, mashine za kujaza hewa na vyeti vya kila ngazi. Nusu ya ufundi wanaouhitaji tayari iko kwa vijana wa Ikola, Karema na Kapalamsenga, wanaojua upepo unageuka saa ngapi, mamba wanaota jua wapi na maji yanakuwa maangavu mwezi gani. Nusu iliyobaki, ya majedwali, pumzi na mwili wa binadamu, hufundishika. Kijana mwenye nusu zote mbili atastahili kusikilizwa na profesa na tajiri anapowaambia wabaki mita tano na samaki wa manjano, na kumlea kijana huyo ni kazi ya kuanza sasa, kabla ya boti ya kwanza ya wageni kutia nanga.