Kiko Huvunjikia Shingoni

Kiko cha mti huvunjikia shingoni, pale ambapo unene hubaki milimita chache tu baada ya keekee kutoboa njia ya moshi. Kwa hiyo mchongaji wa Marangu aliyeshika kipande cha mzeituni mwitu, mti wa miteremko mikavu ya Kilimanjaro, huanza na shingo: nyuzi zipite kwa urefu wake, kuanzia kichwani hadi mdomoni. Zikikatiza, shingo itakatika siku kiko kitakapodondoka sakafuni, pengine hata mapema, wakati wa kupachika mdomo.

Uamuzi huo una gharama yake. Nyuzi zikifuata shingo, tundu la tumbaku huzikata, na mbele ya kichwa hubaki ncha zilizo wazi. Hapo ndipo msasa husumbua, rangi huzama ikawa nzito kuliko ubavuni, na unyevu hupenya kwa urahisi. Tena mbao haisinyai sawasawa. Kwa urefu wa nyuzi hupungua chini ya asilimia 0.5, ilhali kwa kufuata duara za umri mbao nyingi hupungua asilimia 5 hadi 10. Ndiyo sababu gogo hukaushwa polepole kivulini, kitovu chake hutupwa, na kuta za kichwa huachwa nene.

Kiko kilichopinda ni kesi nyingine. Ukikichonga kwenye ubao ulionyooka, popote shingo inapokunja nyuzi hubaki fupi. Heri tawi lililopinda lenyewe: nyuzi zake zimekwisha kupinda nalo.

Wachongaji wa Saint-Claude, Ufaransa, walilikwepa tatizo hili tangu miaka ya 1850 kwa kutumia kinundu cha Erica arborea, uvimbe wa shinani wenye nyuzi zilizosokotana, unaochemshwa kwa saa nyingi kabla ya kukaushwa. Wao huweza kuchagua nyuzi kwa urembo: zikipanda wima kichwani, bei nayo hupanda. Viko vya chapa ya Kiko, vilivyotengenezwa Tanganyika kwa jiwe jepesi la Amboseli, havikuwa na nyuzi za kuhangaikia.

Miti ya jamii ya Erica humpokea mpandaji wa Kilimanjaro anapoipita kambi ya Mandara, mita 2,700, akielekea kambi ya Horombo. Lakini hapo ni ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na kukata mti ni kosa. Mchongaji wa Marangu atumie mzeituni wa nje ya mpaka, uliokatwa kwa kibali.