Chumbe, Jamani! Bahari Nayo Ina Ngitili

Watu wa Didia, nisikilizeni kabla chumvi haijanitoka nywelini! Nimerudi Chumbe, kile kisiwa kidogo cha Unguja, na kusema kweli situlii. Nikikaa nasimama, nikisimama naanza kuhadithia, mama muuza nyanya ameshanisikia mpaka ananikimbia. Sasa ni zamu yenu.

Sisi huku samaki tunayemjua ni sato aliyekwishakaangwa, sangara aliyeletwa na barafu, na dagaa wa kwenye debe. Samaki aliye hai kabisa, nyumbani kwake, anayekukazia macho kana kwamba wewe ndiye uliyekosea njia? Huyo lazima umfuate. Basi pitia Tinde, Nzega, Singida, fika Dodoma upande treni ya SGR mpaka Dar, vuka na boti hadi Unguja, halafu nenda ufuo wa Mbweni uchukue boti nyingine ndogo. Upepo unakupiga, maji yanakurukia, yanabadilika kutoka kijani kibichi kuwa buluu, na buluu nyingine, na buluu ambayo sijawahi kuiona hata kwenye khanga! Mara mnara wa taa unachomoza juu ya miti. Umejengwa 1904 na mpaka leo unaongoza meli. Boti inapunguza mwendo, unakunja suruali, unashuka majini, mchanga unakutekenya nyayo... na bado!

Wanakupokea kwenye nyumba ya zamani ya mlinzi wa mnara, ilikuwa gofu, wameifufua na kuiezeka paa la makuti kubwa, refu, lililopinda kwa madaha mno. Unakaa chini yake, kivuli kizuri, upepo mwanana, unaelezwa mambo ya bahari kwa Kiswahili safi, taratibu, mpaka unajikuta umenyoosha kidole kama mtoto wa darasa la tatu. Maana wananiambia matumbawe ni wanyama. Wanyama! Yale mawe-mawe yote ni vijidudu vidogo sana vinavyojijengea nyumba za chokaa, na ndani ya miili yao wamepangisha mimea midogo zaidi inayowalisha na kuwapa rangi. Maji yakizidi joto wapangaji wanaondoka, matumbawe yanabaki meupe pee, yana njaa, na joto likikaa muda mrefu yanakufa. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1998, joto la El Niño lilipopausha matumbawe sehemu kubwa ya Bahari ya Hindi. Ya Chumbe yaliumia, yakainuka tena. Nikasema haya tosha, nipeni miwani niende nikayaone!

Wakanivika jaketi la kuelea, miwani na mpira wa kupumulia, mapezi miguuni. Huku kwetu kuogelea tunajifunzia wapi, lambo la ng'ombe? Usijali kabisa. Wanakushika mkono, unalala juu ya maji, unaingiza uso.

Nilipiga kelele ndani ya mpira!

Chini yako kuna mji. Mji mzima, umejaa, unasukumana, una rangi za ajabu ajabu, zambarau, manjano, waridi, kijani cha kung'aa, matumbawe mengine yametanda mapana kama meza, mengine yamechipuka pembe, mengine mviringo yenye mikunjo mikunjo. Samaki kipepeo wanapita wawili wawili wamependeza kuliko maharusi. Chewa mkubwa, mnene, mwenye madoa, amejaa mlangoni mwa shimo lake na haondoki ng'o. Mkunga anafungua mdomo, anafunga, anafungua. Kombe kubwa limepasuka katikati, mdomo wake wa buluu na zambarau, kivuli chako kikipita tu linafumba! Aina zaidi ya 400 za samaki zimehesabiwa kwenye huu mwamba mmoja, na mimi nilitaka kuwasalimia wote.

Halafu sikiliza, maana hili hakuna aliyenidokeza: bahari ina sauti. Nilidhani kimya. Wapi! Kuna mchatiko usiokoma, ta-ta-ta-ta, kamba wadogo waliojificha wanafyatua makucha yao. Na juu yake kuna mtu anatafuna karanga. Nageuka, ni pono, samaki wa rangi ya kasuku mwenye mdomo wa kasuku, anaguguna mwamba, kachu, kachu, kachu. Nikamfuata. Akaogelea kidogo, akainua mkia, akaachia wingu jeupe nyuma yake. Mchanga! Anakula mwamba, anakwenda haja mchanga! Ule ufuo laini niliokuwa nausifia asubuhi, sehemu yake imepita tumboni mwa huyu bwana. Nilicheka mpaka maji yakaingia puani.

Na kugusa? Hairuhusiwi. Hata kusimama juu ya matumbawe hairuhusiwi, hata kombe tupu la ufukweni huchukui. Mitungi ya kuzamia hupewi, hiyo ni ya watafiti. Mtu wa Shinyanga wala hashangai sheria hizi, kwa sababu anazijua tangu utotoni: hii ni ngitili! Ngitili kabisa, ila ya majini. Mnatenga eneo, mifugo haikanyagi, nyasi na miti inapumua, anayevunja anajibu kwa wazee. Si ndizo zilizoturudishia miti baada ya mradi wa kuhifadhi ardhi, HASHI, kuanza mwaka 1986, wakati watu walikuwa wanatuita jangwa? Chumbe nayo ilianza 1991 kwa juhudi za mama mmoja wa Kijerumani, Sibylle Riedmiller, na 1994 Serikali ya Zanzibar ikautangaza mwamba wa upande wa magharibi kuwa hifadhi, mvuvi asitupe wavu wala ndoana. Tofauti moja tu: ngitili yetu tunaifungua kiangazi kikikaza, ile haifunguliwi hata siku moja. Lakini samaki wakishazaliana wanajaa, wanatoka wenyewe kwenda kwenye maji ya wavuvi. Na unajua walinzi ni akina nani? Wavuvi wa vijiji jirani, waliofundishwa kazi mpya! Hawana bunduki. Wakiona ngalawa imekaribia, wanakwenda kuzungumza na mwenzao.

Nchi kavu nako usiache! Msitu umeota juu ya mwamba wa kale, mizizi inashuka kwenye nyufa, na humo ndani wamehifadhiwa paa nunga, paa wadogo wenye haya na adimu mno duniani. Vyumba vya kulala vinakinga mvua paani, maji yanahifadhiwa chini ya sakafu, nikawaza sisi na mapipa yetu tukisubiri mvua za Novemba. Umeme wa jua. Choo hakitumii maji hata tone na hakinuki, niliinama kunusa makusudi! Na bado!

Usiku wakatuita na tochi. Njiani kasimama kaa wa nazi, mkubwa kuliko sufuria ya ugali wa familia, samawati iliyokoza, miguu minene, anapanda miti, anapasua nazi kwa makucha. Kaa huyo ukimtumbukiza baharini akiwa mkubwa anazama! Anaishi kisiwani na hajui kuogelea, na nikampenda papo hapo.

Bei ya kulala ni ya kitalii, sikufichi, lakini kuna safari ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, na ukipiga simu uulize bei ya mkazi. Wahi kuweka nafasi kwa sababu wageni hawaruhusiwi kujazana, na masika epuka. Walimu, ninyi hasa nawasemesha: shule za Unguja zinapelekwa pale kujifunza, watoto wanavaa miwani ileile niliyovaa mimi, wanarudi wanajua matumbawe kwa majina. Mwenye basi la shule Didia aniambie tu tarehe, mafuta tutachanga, na kiti cha mbele nimeshakikalia.