Waliobaki Dar

Ikifika katikati ya Desemba, Stendi ya Magufuli kule Mbezi Luis haina pa kukanyaga. Mabasi ya Moshi, Bukoba na Mbeya yanapakia usiku na mchana, na tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria mwaka 2024, stesheni ya mjini nayo ina msururu wa watu wanaokwenda kula sikukuu Morogoro na Dodoma. Nyuma yao wanabaki wengine: asiye na nauli, aliyenyimwa likizo, na yule asiye na kijiji cha kurudi kwa kuwa hata babu yake alizaliwa Ilala. Ukimuuliza mmoja wao atakwenda wapi msimu huu, atakujibu kwamba hakuna pa kwenda, kisha ataanza kulalamikia joto.

Joto lipo, hakuna wa kulibishia. Kaskazi inavuma tangu Desemba hadi karibu Machi, kipimajoto kinavuka nyuzi 30 kila mchana, na unyevu wa bahari unamfanya mtu aloe jasho akiwa amekaa tu. Lakini hizo wiki mbili za sikukuu ndizo pekee ambazo jiji linapumua. Foleni ya Barabara ya Morogoro inayeyuka. Ndani ya mwendokasi mtu anapata kiti, tena cha dirishani. Wenyewe wameondoka, mji umeachwa wazi, na hapo ndipo anapojitokeza mtu mmoja adimu ambaye makala hii inamsifu: fundi wa matembezi, anayeutembelea mji wake mwenyewe kama vile ametoka mbali kuja kuuona.

Anastahili kuitwa fundi. Kutembea anajua kila mwenye miguu; kuutembelea mji unaoujua kunahitaji kujifunza. Fundi huyu anapanga saa zake kwa makini, kama fundi cherehani anavyopima kabla ya kushika mkasi, maana Dar ya saa kumi na mbili asubuhi na Dar ya saa saba mchana ni miji miwili, na huo wa pili haufai kwa matembezi.

Kwa hiyo anaanzia Feri, soko la samaki la Magogoni, jua likiwa bado chini. Boti zilizokesha baharini zinashusha changu, vibua, jodari, pweza na ndoo za dagaa, na mnada unaanza papo hapo. Kwa anayepita haraka, dalali ni makelele tu. Fundi anasimama pembeni, asimzibie mbeba ndoo njia, anasikiliza. Baada ya muda anaanza kubaini bei inavyopanda, nani ni mchuuzi wa mtaani anayetafuta fungu dogo, nani kaagizwa na hoteli, na namna mnunuzi anavyoweza kukubali bei kwa kuinua kidevu tu. Kidogo pembeni, makarai ya mafuta yanachemka. Samaki aliyekuwa baharini usiku anakaangwa asubuhi hiyohiyo. Simu ya kupigia picha ibaki mfukoni hadi mtu aombwe ruhusa. Watu wako kazini.

Hatua chache kutoka hapo iko pantoni ya Kigamboni. Nauli ya mtembea kwa miguu ilipandishwa kutoka shilingi 100 hadi 200 mwaka 2012, na kelele zilizopigwa wakati ule wengi bado wanazikumbuka. Hata hivyo, kwa anayetafuta starehe, hakuna safari ya bahari yenye bei hiyo popote pengine. Wengi hupanda wakiwa na haraka, macho kwenye lango la kushukia. Fundi anavuka na kurudi bila shughuli yoyote ng'ambo, akiwa ameuelekezea mji uso. Kutoka majini ndipo kanisa la Kilutheri la Azania Front, lenye paa jekundu na mnara wake, na lile la Mtakatifu Yosefu lenye kilele kilichochongoka, yanaonekana kama walivyokusudia Wajerumani walioyajenga karne ya 19 ikielekea ukingoni na ya 20 ikianza: mambo ya kwanza kuonwa na anayeingia bandarini. Leo yamezungukwa na minara ya vioo, na ukiwa barabarani unaweza kuyapita mwaka mzima usiyatazame.

Akirudi nchi kavu anafuata Barabara ya Sokoine hadi Boma la Kale, jengo la miaka ya 1860, enzi za Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, aliyetaka kuigeuza bandari hii tulivu kuwa mji wake mpya. Alifariki mwaka 1870 na ndoto yake ikalala kwa miaka. Kuta zimebaki. Ni za mawe ya matumbawe, nene, na mlango wake umechongwa kwa mtindo wa Unguja. Mtu aliyetoka juani akiuegemeza mgongo kwenye ukuta ule anaielewa elimu ya majengo ya pwani zaidi kuliko kama angeisoma darasani: wazee walijenga kwa kuujua mwezi wa Januari. Majengo ya vioo yaliyosimama jirani yanahitaji viyoyozi mchana kutwa ili watu wakalike ndani, jambo ambalo wachoraji wake wangestahili kuulizwa.

Kisha Posta, kwenye sanamu ya Askari. Watu wamewekeana miadi hapo tangu zamani, na wengi wanaomsubiri mwenzao chini yake hawajawahi kuyasoma maandishi yaliyopo. Yako kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Sanamu ilizinduliwa mwaka 1927, mahali paliposimama ile ya Mjerumani Hermann von Wissmann hadi Waingereza walipoingia mjini mwaka 1916 na kuiondoa. Maneno ya Kiingereza yaliandikwa na Rudyard Kipling. Shaba ile inamwonyesha askari ameelekeza bunduki yake upande wa bandari, lakini maandishi hayawataji askari peke yao. Wamo pia wapagazi, waliobeba chakula na risasi kichwani katika Vita vya Kwanza vya Dunia, vita ambavyo havikuwa vyao, na waliokufa kwa maradhi na njaa kwa maelfu.

Hapo ufundi wenyewe unaonekana. Mtalii wa kawaida anapiga picha, anaondoka. Fundi anawafuata wapagazi. Anashuka Samora, anavuka viwanja vya Mnazi Mmoja, eneo ambalo wakoloni waliliacha wazi ili liutenge mji wa Wazungu na Wahindi na ule wa Waafrika, anakatiza Mtaa wa Lumumba, TANU ilikozaliwa tarehe 7 Julai 1954, anaingia Kariakoo. Kitongoji hiki kimepata jina lake kutoka kwa kikosi kilekile cha wapagazi, kilichopiga kambi hapa baada ya Waingereza kuuteka mji. Mnara wao uko Posta, kambi yao iko huku, na umbali wa kati unatembeleka kwa chini ya nusu saa, hata kwa mwendo wa kivivu. Ndani ya nusu saa hiyo umo ukoloni mzima na namna ulivyoondolewa.

Kariakoo yenyewe haihitaji utangulizi. Mawinga watamvuta mkono, machinga watamwekea viatu usoni. Ila ajaribu kuinua macho. Jengo kuu la soko ni kazi ya Beda Amuli, msanifu majengo Mtanzania, na lilikamilika katikati ya miaka ya 1970. Paa lake ni miavuli mikubwa ya zege iliyopinduliwa, ikikinga mvua na kuyaelekeza maji chini kwenye hifadhi, huku ikiwapa wauzaji kivuli cha mti mpana. Moto wa Julai 2021 uliliunguza vibaya kabla ya kazi ya kulikarabati kuanza. Ukiwatoa wanafunzi wa usanifu, wangapi wamewahi kulitazama paa lile kwa dakika tano mfululizo?

Saa sita ikigonga, fundi anajua kuacha. Anaingia Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 1940, nyumba iliyokabidhiwa fuvu la Zinjanthropus alilolipata Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo kuliko cha mgeni. Au anakwenda Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa mwaka 1893, akae kivulini. Huu ni msimu wa mikrismasi kuchanua, na barabara za upande ule zinakuwa nyekundu juu na chini.

Haya yote yana kasoro yake, na ingekuwa uongo kuificha. Dar haikujengewa mtembea kwa miguu. Njia zake zimegeuzwa vijiwe vya bodaboda, mifereji haina vifuniko, na mwanamke akitembea peke yake hakosi wa kumpigia miluzi. Fundi wa kike anachagua njia kwa uangalifu ambao mwenzake wa kiume halazimiki kuwa nao, na huo nao ni ujuzi, ingawa wa kulazimishwa.

Jioni ni ya Coco Beach. Hapa fundi anatazama mwezi kabla ya saa: karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, siku za bamvua, maji hukupwa sana na kuacha miamba ya matumbawe nje, na watoto huinama kwenye madimbwi wakitafuta kaa. Maji yakijaa, ufukwe unabaki mkanda mwembamba na mpira unahamia kwingine. Wakati wote huo mihogo inakaangwa. Aliyeizoea kazi hii haruhusu moto ukimbie. Muhogo uive ndani kwanza, ukauke nje baadaye, kisha upasuliwe ungali moto, unyunyiziwe chumvi, pilipili na ndimu, kachumbari juu. Familia nzima inashiba kwa bei isiyotosha soda mbili za hotelini jirani.

Umbali mfupi kutoka ufukweni, Morogoro Stores, wachoraji wa Tingatinga wako kazini. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya hardboard, akafariki kwa risasi ya polisi mwaka 1972, na ndani ya miaka hiyo michache alikuwa ameacha wanafunzi na mtindo unaotambulika dunia nzima. Wanunuzi wengi ni wageni. Kuingia na kutazama, hata hivyo, hakulipiwi.

Mwenye watoto abakize siku moja kwa Makumbusho ya Kijiji, Barabara ya Bagamoyo, yaliyoanzishwa miaka ya 1960. Humo mna msonge wa Wahaya, matembe ya kanda ya kati na nyumba nyingine za makabila ya nchi hii, zenye ukubwa wa kuingilika, na mwisho wa wiki huwa na ngoma. Kufika si kazi. Jirani yake kuna stendi ya daladala yenye jina hilohilo, na makonda wanaliita tangu alfajiri hadi usiku, "Makumbusho, Makumbusho!", kwa abiria ambao wengi wao wameshuka pale miaka nenda rudi na hawajui ndani kuna nini.