Bwawani 2010: Maalim Seif alivyokubali kushindwa

Tarehe 1 Novemba 2010, katika ukumbi wa Hoteli ya Bwawani, Tume ya Uchaguzi Zanzibar ilimtangaza Dk. Ali Mohamed Shein wa CCM kuwa Rais kwa kura 179,809. Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF alipata 176,338. Tofauti ni kura 3,471, haifiki hata asilimia moja. Maalim akayakubali matokeo pale pale.

Aliyeishi Unguja miaka ya tisini anajua uzito wa jambo hilo. Mwaka 1995 Maalim alishindwa na Dk. Salmin Amour kwa kura 1,565. CUF ikayakataa matokeo na wawakilishi wake wakasusia Baraza la Wawakilishi. Baada ya uchaguzi wa 2000 watu waliuawa Januari 2001, na wengine wakakimbilia Shimoni, Kenya.

Wengi husema 2010 Maalim alikuwa amelainika. Mimi sikubali. Kilichobadilika ni mpangilio, na kazi yenyewe ilifanyika mwaka mzima kabla ya kura. Novemba 2009 alikutana na Rais Amani Karume Ikulu. Julai 31, 2010 wananchi wakaulizwa kwa kura ya maoni kama wanataka serikali ya umoja wa kitaifa, na asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Agosti, Katiba ikarekebishwa: chama kinachoshika nafasi ya pili kitatoa Makamu wa Kwanza wa Rais. Kwa hiyo siku ile pale Bwawani Maalim alikuwa na cha kuwapa wanachama wake zaidi ya kuwaomba subira. Mgombea asiye na hicho, hata awe muungwana kiasi gani, anawaambia watu waliokesha wakisubiri matokeo warudi nyumbani mikono mitupu.

Ila mpangilio ule ulikuwa na pengo. Ulieleza wa pili akae wapi, haukueleza nani aaminiwe katika kuhesabu. Pengo hilo likaonekana 2015. Oktoba 26 Maalim aliitisha waandishi wa habari akatangaza, kwa hesabu za chama chake kutoka vituoni, kwamba ameshinda. Siku mbili baadaye Mwenyekiti wa Tume, Jecha Salim Jecha, akaufuta uchaguzi wote. CUF ikasusia marudio ya Machi 2016, na kiti cha Makamu wa Kwanza kikabaki wazi kwa kuwa hakuna chama kingine kilichofikia asilimia kumi.

Mwaka 2020, akiwa amehamia chama cha ACT-Wazalendo, Maalim alitangaziwa asilimia 19.87 dhidi ya 76.27 za Dk. Hussein Mwinyi, baada ya yeye mwenyewe kukamatwa na watu kuuawa. Safari hii alitenganisha mambo mawili yaliyokwenda pamoja Bwawani: alikataa kuutambua uchaguzi kuwa halali, kisha Desemba 8 akaapishwa Makamu wa Kwanza. Kwa ufundi, naiona hatua hiyo kuwa ngumu kuliko ile ya 2010, maana safari hii hapakuwa na maridhiano yaliyotangulia. Ilibidi yaanze baada ya kura, juu ya makaburi mapya. Hakupata muda wa kuyakamilisha. Alifariki Februari 17, 2021.