Dadu za Sabuni

Mchezo wa Dungeons & Dragons ulitolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, na makao yake ya mwanzo yalikuwa mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin nchini Marekani. Ni masimulizi ya pamoja: mmoja huongoza hadithi, kila mmoja wa waliobaki humwigiza mhusika wake, na pale bahati inapotakiwa kuamua, dadu hurushwa. Mchezo huu uliingia magerezani, na humo ndimo ufundi wake unamotunzwa kwa bidii zaidi. Walio huru hununua dadu zinazong'aa, ramani zilizochapwa tayari na programu ya simu ya kuwajumlishia hesabu. Wafungwa hutengeneza kila kitu kwa mkono, wakijua kwamba chochote kinaweza kuchukuliwa katika upekuzi wa kesho.

Dadu ndizo hukosekana kwanza. Magereza mengi huzipiga marufuku kwa sababu ya kamari, ilhali mchezo huu unadai dadu za pande 4, 6, 8, 10, 12 na 20. Hapo ndipo fundi hujulikana. Kipande cha sabuni huchongwa taratibu mpaka pande zake zilingane. Karatasi za chooni hulowekwa, zikakandwa, zikafinyangwa na kuachwa zikauke, ndipo namba huandikwa kwa kalamu. Dadu ya pande 20 ni mtihani wa subira: kila upande ni pembetatu, na mmoja ukizidi wenzake kidogo tu, dadu huelemea huko na haki ya mchezo hupotea. Wengine hukata duara la karatasi ngumu, wakaligawa kwa namba na kulifunga mshale wa kuzungusha kwa kidole. Katika gereza la Polunsky, Texas, kifaa cha namna hiyo kimepata kuundwa kwa vipuri vya mashine ya kuandikia. Asiye na hivyo vyote huandika namba kwenye vijikaratasi, akavitikisa kikombeni.

Lakini dadu ni sehemu ndogo ya kazi. Ufundi mkubwa ni wa msimulizi mwenyewe, na Polunsky ndipo ulipopimwa kwelikweli. Wanaume waliohukumiwa kifo Texas walikuwa zamani katika gereza la Ellis, ambako wengine waliruhusiwa kufanya kazi na kukaa pamoja. Mwishoni mwa mwaka 1998 saba kati yao walijaribu kutoroka. Kuanzia mwaka 1999 wote walihamishiwa Polunsky, kila mtu katika seli yake, karibu saa zote za siku. Mchezo wa mezani ukabaki bila meza. Wachezaji waliuendeleza kwa kupaza sauti kupitia milango, na ramani na maelezo ya wahusika vikasafirishwa kwa uzi unaotupwa sakafuni kutoka seli hadi seli. Msimulizi akawa kama bibi anayesimulia gizani, hamwoni amsikilizaye, anaijua hadhira kwa kuitikia kwake tu. Ilimpasa akumbuke jina la kila kijiji, deni la kila mhusika, jeraha la kila vita, na kuiendeleza hadithi kwa miezi, hata miaka. Billy Wardlow, aliyeingizwa gerezani kwa mauaji aliyoyafanya akiwa na umri wa miaka 18, alikuwa mmoja wa wachezaji hao. Aliuawa kwa sindano ya sumu Julai 8, 2020, na mhusika aliyekuwa amemjenga kwa muda mrefu akabaki bila mwenyewe.

Si kila gereza limeuvumilia ufundi huu. Huko huko Wisconsin mchezo ulikozaliwa, katika gereza la Waupun, mfungwa mmoja aliruhusiwa kumiliki vitabu vya mchezo tangu Juni 2002 bila tatizo lolote. Novemba 2004 maofisa walichukua vitabu 21, majarida 14 na mswada wa kurasa 96 alioandika kwa mkono, wenye ulimwengu mzima aliouwazia. Hofu ilikuwa kwamba kiongozi wa mchezo hutoa amri kama kiongozi wa genge. Alishtaki, akaleta hati za viapo 15, lakini Januari 2010 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Saba ikaliunga mkono gereza. Ushahidi wa watu kuumizwa kwa sababu ya mchezo haukuhitajika. Ilitosha kwamba hofu ya gereza ilikuwa na mantiki. Sheria inaweza kuridhika na hoja hiyo. Mwenye kuthamini kazi ya mkono hawezi: kurasa 96 za kalamu ni jasho la mtu, nazo ziliwekwa kapu moja na majarida ya dukani.

Siku hizi magereza ya majimbo kadhaa hugawa tableti zenye michezo ya kulipia. Ni rahisi kuzikagua, na hazina sabuni ya kuchonga wala uzi wa kutupa. Mfungwa hucheza peke yake na kioo. Hahitaji kumwita jirani, wala kungoja zamu, wala kukumbuka alichokisema mwenzake wiki iliyopita. Msimulizi anapohamishwa gereza au muda wake unapofika, wa kuushika uzi wa hadithi wanazidi kupungua.