Mpangilio wa Nyimbo na Ujenzi wa Maana katika Albamu: Uhakiki wa DAMN. ya Kendrick Lamar

Ikisiri

Uhakiki wa nyimbo katika taaluma ya fasihi ya Kiswahili aghalabu huuchukua kila wimbo kama shairi linalojitegemea. Makala hii inahoji mazoea hayo kwa kuichunguza DAMN. ya Kendrick Lamar, albamu iliyotolewa mara mbili katika mwaka 2017 kwa nyimbo zile zile 14, mara ya pili zikiwa zimepangwa kutoka mwisho kwenda mwanzo. Kwa kutumia dhana za mshikamano na urejeleo, makala inaonesha kuwa mabadiliko ya mpangilio pekee yanatosha kugeuza fumbo kuwa utimilifu wa unabii, na ungamo kuwa majivuno. Inahitimisha kuwa nafasi ya wimbo ni sehemu ya matini, na kwamba mhakiki anayeiacha nje huwa amehakiki matini pungufu.

1.0 Utangulizi

Hakuna mhakiki wa riwaya anayejadili sura ya mwisho kana kwamba ingeweza kuwa ya kwanza. Katika uhakiki wa nyimbo, hata hivyo, jambo hilo hutendeka kila siku. Maneno ya wimbo hunakiliwa, hugawanywa katika beti na mishororo, kisha dhamira na tamathali zake hubainishwa. Kilichoutangulia wimbo huo na kilichoufuata hakiulizwi.

Mazoea haya yana chimbuko lake. Kwa muda mrefu wimbo wa Kiswahili uliorekodiwa uliifikia hadhira kipande kipande. Siti binti Saad na wenzake walipokwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, santuri ya wakati huo ilibeba dakika chache tu kwa kila upande. Santuri ndogo za muziki wa dansi zilizofuata nazo zilibeba wimbo mmoja kwa upande, na mara nyingi wimbo mrefu ulikatwa sehemu mbili. Hata hivyo, kukosekana kwa albamu si kukosekana kwa hisia ya mpangilio. Onesho la taarab asilia Zanzibar kwa desturi hufunguliwa kwa bashraf, yaani ala tupu pasi na maneno, ndipo nyimbo zifuate. Utenzi nao hufunguliwa kwa kumtaja na kumsifu Mwenyezi Mungu, na katika tenzi nyingi mtunzi hujitaja jina karibu na tamati. Wasikilizaji wa pwani walijua tangu zamani kwamba kitu kile kile kikisemwa mwanzoni hakiwi sawa na kikisemwa mwishoni.

Swali la makala hii ni kama ujuzi huo unaweza kuthibitishwa kwa albamu. Ugumu wake ni kwamba msikilizaji kwa kawaida hupewa mpangilio mmoja tu, hivyo hana cha kulinganisha nacho. DAMN. inaondoa ugumu huo. Ilitoka Aprili 2017. Desemba mwaka huo huo likatoka Toleo la Wakusanyaji lenye nyimbo zile zile katika mpangilio uliogeuzwa kikamilifu, kutoka wa 14 hadi wa 1. Lamar mwenyewe alikwisha kuthibitisha kuwa albamu ilikusudiwa kusikilizika pande zote mbili. Mwaka 2018 ilipata Tuzo ya Pulitzer ya muziki, ikiwa kazi ya kwanza kuipata nje ya muziki wa klasiki na jazi. Kwa mtafiti, hapa kila kitu kimebaki vile vile isipokuwa mpangilio.

2.0 Msingi wa Kinadharia

Dhana mbili za isimu zinatosha. Ya kwanza ni ya Saussure: kipashio hupata thamani si kwa sura yake tu, bali pia kwa uhusiano wake na vipashio vinavyokitangulia na kukifuata katika mfuatano. Ya pili ni ya mshikamano, kama ilivyofafanuliwa na Halliday na Hasan (1976), hususani tofauti kati ya urejeleo-nyuma na urejeleo-mbele. Katika urejeleo-nyuma, msikilizaji amekwisha kupewa kinachorejelewa. Katika urejeleo-mbele, hupewa alama kwanza na kuachwa asubiri maana yake. Kwa kuwa albamu husikilizwa katika muda kama usemi unavyosikilizwa, uhusiano huu unaweza kuvuka mipaka ya wimbo mmoja na kuunganisha nyimbo zilizo mbalimbali.

3.0 DAMN. katika Mielekeo Miwili

3.1 Upofu: fumbo au utimilifu

Albamu ya awali inafunguliwa na "BLOOD.", ambamo nafsineni anasimulia kuwa alimwona mwanamke kipofu njiani, akionekana kutafuta kitu alichopoteza. Anamwendea ili amsaidie. Mwanamke anamjibu kuwa aliyepoteza kitu ni yeye msaidizi, na alichopoteza ni uhai wake. Risasi inalia. Msikilizaji haambiwi mwanamke huyu ni nani, wala kwa nini ni kipofu.

Jawabu linakuja katika wimbo wa 12, "FEAR.". Humo inasikika sauti ya jamaa ya msanii iliyoachwa kwenye simu, ikitaja Kumbukumbu la Torati 28:28, aya inayowaonya wasiotii kuwa watapigwa kwa wazimu, upofu na fadhaa ya moyo. Upofu wa wimbo wa kwanza unapata ghafla kitu cha kurejelea. Huu ni urejeleo-mbele uliotandazwa katika nyimbo 11, na taharuki ya albamu inategemea urefu huo.

Katika toleo lililogeuzwa, "FEAR." ni wimbo wa tatu na "BLOOD." ni wa mwisho. Aya inatangulia, mwanamke anafuata. Anapotokea si fumbo tena. Ni hukumu iliyokwisha kutangazwa, na msikilizaji anamtambua kabla nafsineni hajamtambua. Taharuki imekuwa kinaya. Hakuna neno lililobadilishwa, lakini kazi ya ishara imebadilika.

3.2 Nyimbo jirani

Nyimbo kadhaa za albamu hii zimepangwa kwa jozi za maana zinazokinzana. "PRIDE." na "HUMBLE." ni za 7 na 8. Kwa kuwa nyimbo ni 14, ugeuzaji unazibakiza jozi hii katikati kabisa, zikibadilishana nafasi tu. Katika mpangilio wa awali, "PRIDE." inatangulia kwa sauti ya chini na mwendo wa taratibu, nafsineni akiungama udhaifu wake, kisha "HUMBLE." inaingia kwa mdundo mzito ikiwaamuru wengine wanyenyekee. Ungamo limesahauliwa mara tu lilipokwisha kutamkwa. Katika mpangilio wa pili amri inatangulia, na ungamo linaifuata kama majuto: aliyewaamuru wengine anajikuta akijihukumu. Vivyo hivyo kwa "LUST." na "LOVE.": upande mmoja msikilizaji anapandishwa kutoka tamaa hadi pendo, upande wa pili anateremshwa kutoka pendo hadi tamaa.

Si kila ujirani unaostahimili ugeuzaji. Mwishoni mwa "BLOOD." kuna kipande cha watangazaji wa Fox News wakiyalaumu maneno ya wimbo wa awali wa msanii huyu. Katika toleo la kwanza kinafuatwa papo hapo na "DNA.", unaolipuka kwa tamko la nasaba na utu wa nafsineni. Katika uchanganuzi wa usemi, hii ni jozi ya shutuma na jibu. Ikigeuzwa, jibu linatangulia shutuma, nayo shutuma inabaki bila wa kuijibu mwishoni mwa albamu nzima. Hapa toleo la pili limepoteza nguvu ya mgongano wa papo kwa papo. Kilichopatikana badala yake ni tamati ya ukiwa: mtu amekufa, na wanaomzungumzia ni wale wale wasiomwelewa.

3.3 Jina la mtunzi

Wimbo wa 14, "DUCKWORTH.", umebeba jina la ukoo wa Lamar. Unasimulia jinsi Anthony Tiffith, ambaye baadaye alikuja kuwa mkuu wa kampuni iliyomsaini Lamar, alivyokusudia kupora mkahawa wa kuku alimofanya kazi baba yake msanii. Baba huyo alikuwa na mazoea ya kumpa kuku bila malipo, na kwa wema huo akasalimika. Wimbo unahitimisha kuwa kama angeuawa, mwanawe angekua bila baba na kufia katika mapigano ya risasi. Risasi inalia, sauti zinarudishwa nyuma kwa kasi, na maneno ya kwanza kabisa ya masimulizi ya "BLOOD." yanasikika tena.

Kwa mpangilio wa awali, jina hili limekaa pale ambapo msomaji wa tenzi angelitarajia: karibu na tamati, kama sahihi ya mtunzi. Kisa chake ni mbinu rejeshi inayoeleza kwa nini kulikuwa na msimulizi hata kidogo. Sauti zinazorudi nyuma zinaifanya albamu duara, na kifo cha mwanzoni kinaanza kusikika kama maisha ambayo nusura yawe. Kwa mpangilio wa pili, jina linakuja kama utambulisho. Msikilizaji anaanza na rehema, kisha sauti zinazorudi nyuma zinamwelekeza safari: nyimbo 13 zinazofuata ndizo urejeshaji wenyewe, na sentensi iliyoachwa nusu mwishoni mwa wimbo wa kwanza inakuja kukamilishwa katika wimbo wa mwisho, kwa risasi. Toleo la kwanza linatoka kwenye kifo kwenda kwenye wema uliokizuia; la pili linatoka kwenye wema kwenda kwenye kifo ambacho wema haukutosha kukizuia.

4.0 Pingamizi Mbili

Pingamizi la kwanza ni kwamba, ikiwa albamu inaeleweka pande zote mbili, basi mpangilio hauna uzito. Mchezo wa lugha uitwao kinyume unasaidia kulijibu. Katika mchezo huo silabi ya mwisho hupelekwa mwanzoni, hivyo "nyumba" ikawa "mbanyu". Anayeujua mchezo hupata maana ile ile ya nyumba. Mpangilio umeificha maana bila kuigusa. Ugeuzaji wa DAMN. hauko hivyo. Msikilizaji wa toleo la pili hahitaji kulirudisha katika toleo la kwanza ndipo aelewe. Anaelewa moja kwa moja, ila anaelewa jambo jingine. Kueleweka pande mbili si sawa na kuwa na maana moja.

Pingamizi la pili ni la kihistoria: wasikilizaji wengi wa leo hupata nyimbo mtandaoni na kuzichezesha bila mpangilio. Hilo ni kweli, lakini linahusu matumizi, si muundo. Wasanii wenyewe hawajaukubali ukweli huo kimya kimya. Novemba 2021, kwa ombi la Adele, Spotify iliacha kuweka uchezaji nasibu kuwa chaguo la kwanza katika kurasa za albamu. Anayesoma diwani kwa kufungua ukurasa wowote ana haki ya kufanya hivyo. Mhakiki wa diwani hiyo hana.

5.0 Hitimisho

DAMN. inaonesha kuwa mpangilio huamua kipi kitakuwa fumbo na kipi jawabu, kipi ungamo na kipi amri, kipi utambulisho na kipi sahihi. Matoleo yake mawili hayalingani kwa kila hali: la kwanza lina mshikamano imara zaidi mahali wimbo unapokabidhiana na mwenzake, la pili lina mteremko ulionyooka zaidi wa tanzia. Ulinganisho huo usingewezekana kwa kuzichambua nyimbo 14 moja moja, kwani zingetoa majibu yale yale mara mbili.

Funzo kwa uhakiki wa nyimbo za Kiswahili ni la kimbinu. Kaseti za taarab zilikuwa na upande A na upande B. Albamu za bongo fleva zilikuwa na wimbo wa kufungua na wa kufunga. Nyingi kati ya hizo sasa zinahamishiwa mtandaoni wimbo mmoja mmoja. Mtafiti anayenakili maneno leo bila kuandika toleo, upande na nafasi ya wimbo anaacha nje sehemu ya matini ambayo watafiti wa kesho huenda wasiipate tena.